Kabla ya Kubonyeza Kitufe cha Kumtoa Mtu

Mwaka 1993, wakati watu wengi duniani walikuwa hawajasikia hata neno intaneti, kulikuwa na ulimwengu wa kubuni ulioitwa LambdaMOO. Haukuwa na picha wala sauti. Uliendeshwa kwenye kompyuta ya maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, na wakazi wake walikutana humo kwa maandishi matupu: mtu anaandika kwamba anaingia sebuleni, wenzake wanasoma kwamba ameingia. Siku moja mkazi aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu ndogo iliyomwezesha kuandika matendo kwa majina ya wengine, akawaonyesha hadharani wakifanya mambo ya aibu ya kingono ambayo hawakuyaandika wao. Waliodhalilishwa walidai aondolewe. Wakazi wakaitana mkutanoni, wakabishana kwa saa kadhaa. Kuna waliotaka afutwe papo hapo, na kuna waliouliza ni sheria gani iliyovunjwa, maana hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Mkutano ukavunjika bila uamuzi. Baadaye mmoja wa mafundi wenye mamlaka juu ya mfumo akakaa peke yake, akawaza, akaifuta akaunti ya Mr. Bungle.

Mwandishi Julian Dibbell alikisimulia kisa hicho katika gazeti la Village Voice Desemba mwaka huohuo, na hadi leo kinasomwa na watu wanaosimamia jamii za mtandaoni. Waliomlilia Mr. Bungle walikuwa wachache. Kilichowakosesha watu usingizi ni namna jambo lililowashinda wote lilivyomalizwa na mtu mmoja kwa sababu tu kitufe kilikuwa mkononi mwake. Pavel Curtis, muasisi wa LambdaMOO, aliishia kuanzisha utaratibu wa maombi na kura ili wakazi waamue mambo yao wenyewe.

Leo kitufe cha fundi yule kiko kwenye simu ya mweka hazina wa kamati ya harusi, ya mwenyekiti wa wazazi wa darasa la nne, na ya kijana aliyewakusanya wenzake waliosoma pamoja sekondari. Kundi moja la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024. Admini anagusa jina, anagusa neno moja, na mtu ametoka. Kitufe hicho kimeunganisha kazi mbili ambazo popote penye busara hutenganishwa: kuzuia madhara, na kumhukumu aliyeyasababisha. Ya kwanza inataka haraka. Ya pili huharibiwa na haraka. Ukitaka kuendesha kundi kwa haki, anza kwa kuzitenganisha.

Futa ujumbe, mwache mtu

Saa tano usiku mwanakikundi anatuma picha za ajali ya basi, maiti zikiwa wazi. Mmoja anaandika kwamba ndugu yake alikuwa safarini, wengine wanaanza kumtukana mtumaji, mwingine anauliza maadmini wako wapi. Kinachodhuru hapo ni picha. Zifute kwa wote, kwa kuwa WhatsApp inamruhusu msimamizi kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, kisha andika sentensi mbili: picha zimefutwa kwa sababu ya kanuni fulani, na suala la aliyezituma litazungumzwa kesho. Matusi yakiendelea, badili mpangilio ili wasimamizi pekee waweze kuandika hadi asubuhi. Kazi ya usiku imekwisha. Mtu bado yumo, na si ajabu akaomba radhi kabla hajaambiwa.

Yapo mambo machache yasiyongoja asubuhi. Namba ya mwanakikundi ikitekwa na matapeli, ikaanza kuomba pesa za M-Pesa kwa hadithi ya mgonjwa aliyelazwa, itoe hapohapo, watangazie watu wasitume chochote, kisha mtafute mwenyewe kupitia ndugu au namba nyingine. Hiyo ni hatua ya usalama, haina hukumu ndani yake, na akiirudisha laini yake naye arudishwe bila maswali. Picha za watoto wanaodhalilishwa kingono nazo hazina mjadala: mtumaji atoke, taarifa ifike polisi, na picha zisipelekwe hata kwa wasimamizi wenzako kwa kisingizio cha kuwaonyesha ushahidi. Kuzisambaza ni kosa lingine.

Kanuni inayoweza kusomwa na mahasimu

Wakazi wa LambdaMOO walikwama kwa kukosa kanuni ya kushika. Makundi mengi ya leo yanazo, ila ni za aina ya "tuheshimiane" na "tusitume vitu visivyofaa". Kanuni ya namna hiyo haivunjiki mpaka msimamizi aseme imevunjika, na atasema kulingana na alivyoamka siku hiyo. Andika kanuni ambayo watu wawili wasiopatana wakiisoma watakubaliana kama imevunjwa au la. Hakuna picha za maiti wala majeruhi. Hakuna kampeni za chama chochote, ingawa taarifa za barabara zilizofungwa siku ya mkutano ruksa. Matangazo ya biashara ni Jumamosi tu. Mambo ya ndoa ya mtu hayaletwi hapa. Tano au sita zinatosha. Ziweke kwenye maelezo ya kundi, na zirudie kila anapoingia mgeni.

Kuzirudia huko kuna faida iliyopimwa. Mtafiti J. Nathan Matias aliendesha jaribio katika jamii kubwa ya sayansi ndani ya Reddit, kwenye mijadala 2,190. Baadhi ya mijadala, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ilibandikwa kanuni juu kabisa, mingine haikubandikwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la PNAS: palipobandikwa kanuni, kiwango cha wageni kuzifuata kilipanda kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na ushiriki wao ukaongezeka kwa wastani wa asilimia 70. Maadmini wengi huogopa kwamba kanuni zitawafukuza watu. Jaribio hilo lilionyesha kinyume, na ni rahisi kuelewa kwa nini: mgeni anayejua mipaka iko wapi haogopi kufungua mdomo.

Adhabu nayo iandikwe. Januari 2021, baada ya wafuasi wa Donald Trump kuvamia jengo la Bunge la Marekani, Facebook ilimfungia kwa muda usiojulikana. Suala lilifikishwa mbele ya Bodi ya Uangalizi, chombo kilichoundwa na kampuni hiyohiyo ili kupitia maamuzi yake. Mei mwaka huo bodi ilisema Facebook haikukosea kumzuia, lakini ikaukataa ule muda usiojulikana, kwa kuwa adhabu kama hiyo haikuwemo kwenye kanuni za kampuni. Facebook ikalazimika kurudi mezani, ikaweka miaka miwili. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6), inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa wakati alipolitenda. Msimamizi anayetunga kanuni leo ili kumbana aliyeandika jana anaanguka hapo, hata kama kanuni yenyewe ni nzuri. Itumike kuanzia kesho.

Upande wa pili

Ibara hiyohiyo ya Katiba ya Tanzania inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 47, inampa mwananchi haki ya kuandikiwa sababu pale uamuzi wa kiutawala unapomdhuru. Vifungu hivyo vinalenga mahakama na mamlaka. Havilibani kundi la WhatsApp la watu wa ukoo. Lakini wanaoingia kundini ni haohao waliozoea kuona hata mjumbe wa nyumba kumi akiwaita pande mbili kabla ya kusema neno. Ukiwanyima hilo mtandaoni wataona wameonewa, hata kama uamuzi wako ulikuwa sahihi.

Sababu nyingine ya kusikiliza ni kwamba msimamizi hajui kila kitu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani anaweza kusema, hata msibani, neno ambalo kwa mgeni ni tusi kubwa. Msimamizi aliyekulia Muscat akisoma kwenye kundi la rambirambi "leo hatuziki mpaka mtulipe", atabonyeza kabla hajauliza. Mashine zinakosea vivyo hivyo, na kampuni kubwa pia. Mwaka 2016 Facebook ilifuta ile picha maarufu ya vita vya Vietnam, ya mwaka 1972, inayomwonyesha Kim Phuc, msichana wa miaka tisa, akikimbia uchi baada ya kuunguzwa na mabomu ya napalm. Mwandishi wa Norway, Tom Egeland, ndiye aliyekuwa ameiweka. Gazeti la Aftenposten lilipolalamika kwa barua ya wazi, na Waziri Mkuu Erna Solberg alipoiweka kwenye ukurasa wake, picha yake nayo ikafutwa. Siku hiyohiyo kampuni ikanyoosha mikono na kuirudisha. Kanuni ya kukataza picha za watoto wakiwa uchi ni nzuri na inahitajika. Tatizo ni kwamba iliendeshwa bila mtu wa kuuliza hii ni nini.

Namna ya kuuliza inategemea unayemuuliza. Usimhoji mtu mbele ya kundi. Akiwa na watazamaji mia nne hatajibu swali, atatetea heshima yake. Mwandikie kando, na ujumbe uwe na mambo matatu: alichoandika, kanuni inayohusika, na muda wa kujibu. Kwa mfano: "Shikamoo mzee. Ujumbe wako wa jana saa tatu usiku tumeufuta kwa sababu ya kanuni ya tatu. Kabla hatujaamua lolote tungependa kusikia upande wako, hadi kesho jioni." Kwa mtu mzima, kupiga simu ni bora kuliko kuandika. Katika kundi la ukoo, kijana asijitwishe kazi ya kumhoji baba yake mkubwa. Atafutwe mjomba au shangazi wa rika lake akazungumze naye. Hilo halipunguzi haki. Anayehojiwa na mtu anayemheshimu husema ukweli mapema zaidi.

Kesi ya ngedere kwa nyani

Aliyetukanwa asiwe ndiye anayetoa adhabu. Hili ndilo jaribu kubwa kuliko yote, kwa sababu msimamizi ndiye anayetukanwa mara nyingi, na kitufe kiko kidoleni mwake. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni inayomkataza msimamizi kutumia mamlaka yake katika ugomvi anaohusika nao. Anapaswa kumwachia mwenzake. Tangu mwaka 2004 ina pia kamati ya usuluhishi ya kuamua migogoro iliyoshindikana, na mjumbe mwenye uhusiano na kesi hujitoa.

Usipofanya hivyo mambo hufika pabaya. Wikipedia ya Kikroeshia kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa kikundi kidogo cha wasimamizi wenye mrengo wa kulia uliokithiri. Waliowapinga walifungiwa, na makala za historia zikapindishwa. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia, Željko Jovanović, aliwaambia wanafunzi wasiitegemee. Ilichukua hadi mwishoni mwa 2020 kwa kinara wa kikundi hicho kufungiwa katika miradi yote ya Wikimedia, taasisi inayoendesha Wikipedia. Kilichowaweka madarakani muda wote huo kilikuwa rahisi: kila rufaa ilirudi kwao wenyewe.

Kwa kundi la kawaida dawa ni nyepesi. Wasimamizi wawe watatu, wasiwe marafiki wa damu damu, na ikiwezekana watoke pande tofauti za kundi: mmoja wa mjini, mmoja wa kijijini, mmoja aliye ng'ambo. Kumtoa mtu kuhitaji sauti mbili kati ya tatu. Jambo linalomhusu mmoja wao liamuliwe na wawili waliobaki. Kumbuka pia kwamba WhatsApp haimruhusu mtu yeyote kumtoa aliyelianzisha kundi. Atabaki msimamizi mpaka aondoke mwenyewe. Muasisi mwenye nia njema atangaze mapema kwamba naye yuko chini ya kanuni, na ataje nani atamsimamisha akikosea. Akikataa kutangaza, wanakikundi wameshapata jibu.

Upendeleo una sura nyingine, isiyo na ugomvi ndani yake: kumwogopa mkubwa. Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal lilifichua kwamba Facebook ilikuwa na utaratibu wa pembeni uliowahusu watu mashuhuri, ambao machapisho yao hayakufutwa kirahisi hata yalipovunja kanuni. Mwaka 2020 walikuwa angalau milioni 5.8. Kila kundi la michango lina wa namna hiyo, mtu ambaye harambee haikamiliki bila yeye, na matangazo yake ya viwanja hupita hata Jumatano. Njia ya kujipima ni kuuliza: ujumbe huuhuu ungeandikwa na yule anayechangia shilingi elfu mbili, ningefanyaje?

Ngazi kabla ya mlango

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizofanikiwa kutunza kwa pamoja misitu, malisho na maji ya umwagiliaji kwa vizazi. Moja ya alama alizozikuta, na kuzieleza katika kitabu chake cha 1990, ni adhabu zinazopanda ngazi. Kosa la kwanza hupewa adhabu ndogo sana, inayotosha kumkumbusha mtu kwamba wenzake wanaona. Katika kundi la simu ngazi hiyo ni onyo la kando, kisha kuzuiwa kuandika kwa siku kadhaa, kisha kutolewa kwa muda uliotajwa, na mwisho kutolewa moja kwa moja. Telegram na makundi ya Facebook yanaruhusu kumnyamazisha mtu mmoja kwa muda maalumu bila kumtoa. Mahali ambapo chombo hakikupi uwezo huo, mwombe akae kimya wiki moja kwa hiari yake. Wengi hutii, hasa wakijua hatua inayofuata.

Eleza sababu kila unapofuta. Inachosha, lakini inalipa. Utafiti wa Shagun Jhaver, Amy Bruckman na Eric Gilbert kuhusu Reddit, wa mwaka 2019, ulikuta kwamba pale watu walipoelezwa kwa nini machapisho yao yameondolewa, uwezekano wa machapisho yao ya baadaye kuondolewa ulipungua. Mtu aliyefutiwa kimyakimya hujifunza jambo moja tu, kwamba msimamizi hampendi.

Kuna la kueleza na la kuhifadhi. Mwaka 2019 Wikimedia Foundation ilimfungia msimamizi mmoja wa Wikipedia ya Kiingereza kwa mwaka mzima bila kutoa ushahidi hadharani, kwa nia ya kuwalinda waliolalamika. Nia hiyo ina uzito. Mwanamke aliyesumbuliwa kwa ujumbe wa faragha hapaswi kuanikwa ili kundi liridhike. Hata hivyo jamii ililipuka, na wasimamizi kadhaa wakajiuzulu. Kamati ya usuluhishi ilipoupitia ushahidi iliondoa kifungo, lakini haikumrudishia usimamizi wake. Fundisho linalotumika kundini ni kuficha jina la mlalamikaji na kutaja kosa: "Ametolewa kwa miezi mitatu kwa kuwasumbua wanakikundi faraghani. Maadmini watatu wameona ushahidi."

Weka daftari, hata la karatasi: tarehe, ujumbe, kanuni, uamuzi, nani aliamua. Kumbukumbu ya Telegram ya matendo ya wasimamizi inaonyesha saa 48 zilizopita tu, na kumbukumbu ya binadamu ni fupi kuliko hapo pale rafiki anapohusika. Daftari ndilo litakalokuambia kwamba kosa hili mwezi Machi ulilipa onyo, basi usilipe leo kufukuzwa.

Rufaa, na saa za kulala

Aliyetolewa apewe njia moja ya kukata rufaa, kwa mtu ambaye hakushiriki uamuzi wa kwanza. Mwanakikundi mwenye heshima asiye msimamizi anafaa. Januari 2021 Bodi ya Uangalizi ya Facebook ilitoa maamuzi yake matano ya kwanza, na katika manne kati yake iliibatilisha kampuni. Kesi hizo zilichaguliwa kwa ugumu wake, kwa hiyo hazisemi kwamba Facebook hukosea mara nne katika tano. Zinaonyesha tu kwamba jicho la pili huona yaliyolipita la kwanza, hata kwenye kampuni yenye wanasheria wa kutosha. Rufaa ikifaulu, tangazo la kumrudisha mtu liwekwe palepale lilipowekwa la kumtoa, liwe refu kama lile, na lieleze kilichokosewa. Mpelekee kiungo cha kujiunga badala ya kumwingiza kwa nguvu. Huenda hataki tena, na hiyo ni haki yake.

Jambo la mwisho linahusu wasimamizi wenyewe. Mwaka 2023 zaidi ya wafanyakazi 180 waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook kutoka ofisi za Nairobi waliishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, na wakandarasi wake, na Desemba 2024 ilielezwa mahakamani kwamba zaidi ya 140 kati yao wamekutwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Admini wa kundi la mtaa haoni waliyoyaona wale, lakini naye anasoma matusi saa sita usiku baada ya kazi ya kutwa, bila malipo, na mtu aliyechoka hukata shauri ili tu simu inyamaze. Gawaneni zamu kwa wiki. Asiye na zamu asiguse kitu, labda iwe ni utapeli au hatari. Na kama kundi ni kubwa na lina makelele, lifungeni kila siku saa nne usiku, wasimamizi pekee waweze kuandika, na mlifungue saa kumi na mbili asubuhi.